Kidole cha Fundi Sipriani na Maboga Yangu

Mzee Hussen Abdulrahmani,
Nyumba yenye asumini mlangoni,
Mchinga, Lindi.

Kwa Ndugu Yassin,
Mwenyekiti wa Kitongoji.
(Barua inaletwa kwa mkono, maana kwenye simu huwa unasema mtandao unakata.)

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KIDOLE CHA JIRANI YANGU

Ndugu Mwenyekiti,

Assalaam aleikum. Kwa kuwa wewe ni mtoto wa dada yangu, shikamoo inatoka kwako kuja kwangu, nami naitikia marahaba kabla hujaitoa ili tusipoteze muda. Lakini kwa kuwa umekalia kiti cha serikali, kiti nakiheshimu, na barua hii nakiandikia kiti. Wewe kisomee tu.

Mimi si mtu wa mashtaka. Ulipokuwa mdogo ukavunja mtungi wangu wa maji ya kunywa, sikukushtaki kwa mama yako. Nilikuchapa mwenyewe, yakaisha. Ila hili la sasa limepita kimo cha mjomba, linataka muhuri.

Nyuma ya nyumba yangu, kama unavyojua kwa kuwa umekula humo tangu una meno ya utoto, kuna bustani. Kuna mchicha, bamia, pilipili, mchaichai wa chai ya jioni, na choya ninayoikausha kwa ajili ya juisi ya futari. Upande wa mlango kuna asumini na mrehani vya mke wangu Mwanahija, ambavyo siruhusiwi hata kuvimwagia maji bila idhini yake. Lakini roho ya bustani ni maboga. Mbegu yake niliipata Nangurukuru, basi liliposimama abiria tule. Mama ntilie mmoja alinipa kipande cha boga la nazi, nikakila, nikalamba vidole. Kisha nikamwomba mbegu. Basi likapiga honi, dereva akanisema kwa adabu, abiria wakanisema bila adabu, nami bado nimesimama nasubiri mbegu zioshwe.

Mwaka jana mbegu ile ilizaa mpaka tukagawa. Wewe ulichukua boga ukalipakia kwenye pikipiki mbele yako kama mtoto wa kwanza. Mwaka huu, Ndugu Mwenyekiti, halijakomaa hata moja. Viboga vinatoka vizuri, vya kijani, vinang'aa, halafu vinageuka njano na kudondoka.

Usiniambie habari ya uzembe. Mwaka huu nimeyatunza kuliko mwaka jana. Namwagilia maji ya kisima, siyo ya kuogea. Kila alfajiri nafukiza moshi wa makumbi ya nazi kufukuza wadudu wote, nyuki wakiwemo, maana nyuki naye ni mdudu. Na nikitoka msikitini, kabla ya chai, nachuma maua ya bure, yale yenye kikonyo kirefu na yasiyo na kiboga nyuma yake, yanayokunywa maji yangu siku nzima bila kuzaa kitu. Nayachuma yote, sibakishi. Mwanahija anayapika kwa nazi na karanga, na nimesikia yanafaa kwa magoti. Nabakiza yale yenye viboga tu, ili yapate nafasi na chakula chote. Nani mwingine hapa Mchinga anapalilia mpaka maua?

Kwa hiyo kosa haliko kwangu. Nimelitafuta lilipo na nimelipata. Liko kwenye mkono wa kulia wa Fundi Sipriani.

Sipriani unamfahamu. Ni seremala aliyeteremka kutoka uwanda wa Makonde akiwa kijana, akajenga jirani nami, tukazeeka ua kwa ua. Milango mingi ya hapa, yenye maua ya kuchonga, ni kazi yake, pamoja na ule wa ofisi yako usiofunga kwa sababu ulimharakisha. Kila siku baada ya alasiri huja barazani kwangu, tunakunywa kahawa, tunacheza bao, ananifunga, anakwenda zake. Ni mtu mwema. Malalamiko yangu siyo juu yake, ni juu ya kidole. Sisi tunakiita kidole cha shahada. Cha kwake yeye, ambaye Jumapili yuko kanisani, sijui kinaitwaje, ila ni kirefu, kimenyooka, na hakina utulivu.

Makosa ya kidole hicho ni haya yafuatayo.

1. Kunyooshea boga changa.

Hili halihitaji shahidi. Hata mtoto anajua kwamba boga changa halinyooshewi kidole, litaoza. Ukitaka kulionyesha unakunja ngumi, au unatumia kidevu, au unanyamaza, na hiyo ndiyo bora. Siku kiboga cha kwanza kilipotoka, Sipriani alisimama pale uani akasema, “Aa, Hussen, kile kule chini ya jani umekiona?” Kidole nacho kikaenda kulekule chini ya jani. Nikapiga kelele. Akakirudisha, akakiuma, akaniambia kwao mtu akikosea hivyo hukiuma kidole na mambo yakaisha. Sawa. Lakini alikiuma huku anacheka, na kidole kilichoumwa kwa kicheko hakijaumwa. Juma halikuisha, kiboga kikawa njano.

2. Kuhesabu.

Fundi hawezi kuona vitu vimepangana asivihesabu. Ni ugonjwa wa mbao. Alipita bustanini mwangu akavihesabu viboga vyangu kwa sauti, kidole kikiruka kutoka hiki kwenda kile, na mwisho akanitangazia jumla kana kwamba mimi ndiye niliyemwagiza. Jumla hiyo siiandiki hapa, kwa sababu hata karatasi inaweza kudhuru. Nakwambia tu kwamba ilikuwa nzuri, na haipo tena.

3. Kusifu kikavu.

Nilimwambia, ukisifu kitu cha mtu, sema mashallah. Akajibu kwamba yeye Mkristo, ulimi wake haujaizoea. Nikamsamehe. Baadaye nikalala na jambo hilo kichwani. Mtu huyu ukimwagiza kitanda ukamuuliza kitakuwa tayari lini, anakujibu “inshallah” bila kukwama, kwa matamshi ambayo hata imamu wetu anayaonea wivu. Inshallah ameiweza, mashallah ndiyo imemshinda?

4. Madhara nje ya bustani.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia kidole hiki kinafanya nini kwingine, nikaogopa. Alikinyooshea mpapai wangu akasema huu utazaa sana. Ulipotoa maua tukakuta ni dume. Alinyooshea basi dogo la kwenda Lindi akisema lile linakuja, likapata pancha kabla halijatufikia. Mwisho wa Ramadhani tukiwa tumesimama ufukweni tunatafuta mwezi, Sipriani, aliyekuja kututazama tu, alinyoosha kidole kwenye wingu akasema, “Si ule pale?” Haukuwepo. Tukafunga thelathini. Kitongoji kizima kilishinda na njaa siku ya ziada kwa kidole cha mtu ambaye asubuhi yake alikunywa chai na muhogo.

Na wewe usijidhanie umepona. Kwenye kile kikao cha kutafuta nani anafaa kugombea, ni nani aliyesimama, akanyoosha kidole, akasema “Yule”? Tazama picha zako za kabla ya siku ile, kisha jitazame kwenye kioo. Mama yako ananiambia hata ukila hunenepi. Sisemi umeanza kugeuka njano. Nasema jichunguze.

5. Kukaidi hatua za usalama.

Nilimwomba aweke mikono mfukoni. Kesho yake akaja na msuli, vazi ambalo tangu liumbwe halina mfuko. Nilimwomba akalie mkono wa kulia. Akaukalia, akacheza bao kwa mkono wa kushoto, na bado akanifunga. Nikajenga ua wa makuti. Ni mrefu yule, kidole kikapita juu. Nikachomeka vijiti vyenye maganda ya mayai na kutundika chungu cheusi cha kuzuia jicho la watu. Akakinyooshea kidole chungu, akaniambia kile chungu chako kimepasuka. Nikaenda kukiangalia. Kimepasuka.

Mwisho alikuja na kidole kimezungushiwa kitambaa cheupe, akakiinua mbele ya uso wangu akasema, “Haya bwana, mgonjwa amelazwa. Unataka na kaburi?” Mwanahija alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshika mkononi kiboga kilichodondoka asubuhi ile.

6. Kutii amri yangu.

Hili, Ndugu Mwenyekiti, ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Kwa hasira ya siku hiyo ya kitambaa nilimwambia asikanyage tena kwangu mpaka msimu wa maboga upite. Nilimwambia mbele ya mkewe, Anjelina, aliyekuwa amekuja kuomba pilipili. Nilitegemea abishe. Mtu mliyezeeka pamoja hubisha, ndiyo kazi yake. Sipriani amenibishia kila kitu maisha yake yote: bei ya korosho, umri wake, nani kati yetu alianza kuota mvi. Hili peke yake akalitii. Alimaliza kahawa, akakifudikiza kikombe pale barazani, akasema “Haya, kaka,” akaenda. Hajarudi.

Sasa akienda kisimani anazunguka njia ya mbali, mikono ameifunga nyuma kama mahabusu, ili kidole kisiuone ua wangu. Watu wananiuliza Fundi amekosa nini, nami nikiwaeleza wanatazama chini. Anjelina bado anamletea Mwanahija ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, na Mwanahija bado anampelekea mchicha, kana kwamba hakuna sheria iliyotangazwa. Wanaume wawili ndio tuliobaki na sheria.

Kahawa naipika ileile, kwa mazoea. Nusu inabaki, namwagia mrehani, na Mwanahija amenikataza. Bao nacheza peke yangu. Juzi nimefungwa. Mpwa wangu, mimi ni mtu mzima na sioni haya kukwambia kwamba baraza ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Nasikia randa yake inapita kwenye mbao ng'ambo ya makuti, nami nakaa naisikiliza mpaka adhana ya magharibi. Ikinyamaza nashtuka, nadhani pengine anakuja. Haji. Nimemkosa sana.

Na maboga, pamoja na kwamba yeye hayupo, yameendelea kudondoka vilevile. Jambo hili linathibitisha ukali wa kidole kile. Kinafanya kazi hata kikiwa hakipo.

Kwa sababu hizo naiomba ofisi yako ifanye mambo haya. Itunge sheria ndogo kwamba boga changa katika kitongoji hiki litaonyeshwa kwa kidevu tu, na mwenye ndevu ndefu aombe kibali kwanza, maana hatujui ndevu zinaelekea wapi. Iweke kibao barabarani, pale mabasi yanapoteremsha watu, kinachomtaka kila mgeni kusema mashallah kabla hajageuza shingo upande wa bustani. Na kuhusu Fundi Sipriani mwenyewe, itoe adhabu.

Adhabu nimeifikiria sana. Kumhamisha haiwezekani, nani atakutengenezea mlango? Kumfunga kidole tumeshajaribu. Napendekeza ahukumiwe kuletwa barazani kwangu kila siku baada ya alasiri, aketi mbele yangu, mikono yote miwili juu ya bao ninapoweza kuiona, mpaka magharibi. Adhabu hiyo iendelee bila kikomo, hata msimu wa maboga ukipita, na ule unaofuata. Nitakuwa mlinzi wake kwa kujitolea. Kahawa juu yangu.

Nasisitiza kwamba amri hiyo isitoke kwangu. Itoke kwako, na muhuri uonekane. Mimi nilishamwambia asije, na mtu wa rika langu hawezi kulimeza neno alilolitamka mbele ya mke wa mtu. Serikali ikimleta kwa nguvu, mimi nitafanyaje? Nitatii.

Ufikishe salamu zangu kwa mama yako, umwambie mguu wa kaka yake unaendelea vizuri na maua ya maboga yanasaidia. Msalimie imamu, ila habari ya matamshi usimfikishie. Wasalimie vijana wa pikipiki, na dereva wa basi lililopata pancha, na wote wanaoniulizia. Wasioniulizia nao wasalimie, wapate aibu. Fundi Sipriani usimsalimie. Lakini ukipita kwake sikiliza kama kile kikohozi chake kimepoa, kisha usimwambie kwamba nimeuliza.

Ni mimi, mjomba wako siku zote na raia wako kwa leo tu,

Hussen Abdulrahmani

Tanbihi:

Kabla ya kuikunja barua hii nimemsomea Mwanahija, anisikilizie kama Kiswahili kimekaa sawa. Alikuwa anakuna nazi, anaitikia vizuri tu, mpaka nilipofika pale pa maua ya bure. Hapo mbuzi ikanyamaza. Akaniuliza, “Baba Nusaiba, ina maana yale unayoniletea kila asubuhi ndiyo yote? Hubakishi?” Nikamwambia nibakishe ya nini, hayazai. Akasema, “Na wewe umezaa lini? Nusaiba nimemzaa mimi. Mbona mimi sikukuchuma nikakupika kwa nazi?”

Nimeiweka barua chini. Amenieleza kwamba yale ndiyo madume. Yana unga wa njano ndani, na unga huo usipofika kwa majike, kiboga kitadondoka hata kama Mchinga nzima imekatwa vidole. Wanaoubeba unga ni nyuki, ambao nimewafukiza. Nilimuuliza mbona hakuniambia mapema. Akasema alidhani nabakiza machache, kwani ni nani asiyejua kubakiza, na mimi kabla ya siku ya leo sijawahi kumuuliza kitu cha bustani, huwa namweleza.

Majike mengine yamevimba, yatafunguka kesho alfajiri, na safari hii madume hayataguswa. Lakini nyuki hawajarudi. Inabidi unga uchukuliwe kwa kidole kwenye dume, ukapakwe taratibu kwenye jike, moja baada ya jingine. Mikono yangu unaijua, hata kahawa inamwagika kabla ya kufika mdomoni. Mwanahija amesema yeye si kungwi wa maboga. Kinatakiwa kidole kirefu, kilichonyooka, kisichotetemeka, kilichochonga maua kwenye milango ya watu miaka yote hii bila kuvunja petali.

Kwa hiyo ichane barua hii, isipokuwa pale penye adhabu. Hapo papige muhuri. Kisha uende kwa Fundi leo hii, kabla hajafunga karakana, umwambie maua ya boga hufumba jua likipanda, kwa hiyo afike mapema, na asikujibu inshallah. Mwambie aje na kidole. Mwambie pia kwamba kikombe chake hakuna aliyekigusa, kipo barazani kimefudikizwa kama alivyokiacha, na aje akiinue mwenyewe.